Anayekubali mageuko hajui dini?

Kuna dhana iliyozoeleka kwamba mtu akikubali mageuko ya viumbe, yaani kwamba viumbe hubadilika kidogo kidogo kizazi hadi kizazi hadi kutokea aina mpya, basi huyo hajawahi kufungua kitabu kitakatifu. Haina mashiko.

Tuanze na Charles Darwin mwenyewe, mwanasayansi Mwingereza anayehusishwa zaidi na nadharia ya mageuko. Alisoma Cambridge kuanzia 1828 hadi 1831 akijiandaa kuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana (ingawa, tukisema kweli, muda mwingi alikuwa akikimbizana na mbawakawa). Mendel, ambaye kanuni zake za urithi baadaye zilikuja kuwa nguzo ya nadharia hiyo, alikuwa mtawa wa Kiaugustino. Njegere alizofanyia majaribio ya urithi alizipanda katika bustani ya monasteri, mjini Brno (leo ni Jamhuri ya Cheki). Na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alisema mageuko ni zaidi ya dhana tu. Huyo naye tumwambie hajui dini?

Vipi wasioamini kabisa? Mwaka 2010 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliwauliza Wamarekani maswali 32 kuhusu dini. Wastani wa jumla ulikuwa 16. Wasioamini Mungu na wasio na hakika kama Mungu yupo walipata karibu 21, wakaongoza. Swali la utafiti ule halikuwa mageuko, kwa hiyo tusiunyooshe kupita kiasi. Ila kutoamini ni jambo moja, kutojua ni jingine.