Kuendesha bila umakini: macho yapo barabarani, akili haipo

Kuendesha bila umakini ni pale dereva anapoondoa macho, mikono au akili yake kwenye kazi ya kuendesha na kuipeleka kwingine, hata kwa sekunde mbili tatu. Wengi wakisikia hivyo huwaza simu. Ni kweli simu inaongoza, kwa sababu anayeandika meseji ameondoa vyote vitatu kwa mpigo: macho yako kwenye kioo cha simu, kidole kinabonyeza, akili inatafuta jibu. Lakini hata anayeinama kuokota chupa ya maji, anayegeuka kumkanya mtoto kiti cha nyuma, au anayeendesha huku moyoni anarudia ugomvi wa asubuhi, naye yumo. Huyu wa mwisho ndiye mgumu kumtambua, maana ukimtazama utaona ameshika usukani vizuri na macho yanatazama mbele.

Tuanze na hesabu, kwa sababu watu huzidharau sekunde. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 80, mwendo wa kawaida kabisa ukishatoka Pongwe kuelekea Muheza, huku mkoani Tanga, ni mita 22. Meseji fupi inayokuchukua sekunde tano kuisoma inakupitisha mita 111 bila kuona, yaani umemaliza kiwanja cha mpira cha mita 105 na kuendelea. Ukiinua macho na kukuta mtu mbele yako, bado mguu haujafika kwenye breki. Hapo inapita sekunde moja au moja na nusu nyingine, na breki zenyewe zinahitaji nafasi yake kabla gari halijasimama.

Sasa lete hesabu hiyo hapa kwetu Tanga, mji wa baiskeli. Kwenye barabara za namba za Ngamiani, ambako njia inakata njia kila baada ya hatua chache, dereva anakutana na baba mwenye tenga la samaki nyuma, kijana aliyefunga kreti za mikate zikampita mabega, mama aliyembeba mwanawe wa shule kwenye keria, bajaji inayotafuta abiria, guta limejaa magunia, na wazee wanaovuka taratibu kwenda msikitini. Wote hawa hawana bodi la chuma la kuwakinga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Kwa hiyo dereva akizubaa, mara nyingi anayelipia ni mwingine.

Baada ya ajali, maneno utakayoyasikia kwa dereva ni "Wallahi, sikumwona." Mara nyingi anasema kweli, na hapo ndipo kiini cha jambo hili. Jicho la mwanadamu huona kwa ukali sehemu ndogo tu ya katikati. Pembeni ubongo unakisia. Tena jicho linaporuka kutoka sehemu moja hadi nyingine, kwa ule muda mdogo wa kuruka ubongo haupokei picha ya kueleweka. Ndiyo maana dereva anayetupa jicho kushoto na kulia haraka haraka kwenye makutano anaweza kumruka kabisa mpanda baiskeli aliyekuwapo muda wote. Nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele nayo inatosha kumficha mtu na baiskeli yake nzima.

Juu ya hayo kuna akili. Mwaka 1999 wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya vijana wakirushiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi. Katikati ya mchezo alipita mtu aliyevaa vazi la sokwe, akajipigapiga kifua, akaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yao yalikuwa wazi na sokwe alikuwa mbele yao, ila akili ilikuwa kwenye kuhesabu. Dereva anayezungumza na simu kuhusu deni au msiba yuko katika hali hiyohiyo.

Hapa nataka kuondoa faraja moja ya uongo. Kuna wanaoamini kwamba wakiweka simu kwenye spika, au wakiichomeka ndani ya helmeti kama wafanyavyo bodaboda wengi, basi wako salama kwa kuwa mikono iko huru. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali takriban mara nne zaidi ya asiyetumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi si salama sana kuliko inayoshikwa. Abiria aliyekaa kando yako anaiona barabara. Akiona ng'ombe wanavuka anakatiza maneno mwenyewe, pengine anakushtua. Aliye kwenye simu, yuko Dar es Salaam sebuleni kwake, ataendelea kukubana umjibu. Na ukishakata simu hujarudi bado. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2015 na AAA Foundation, taasisi ya utafiti wa usalama barabarani, ulionyesha kuwa baada ya dereva kutumia mfumo wa gari unaoamrishwa kwa sauti, akili yake iliweza kuchukua hadi sekunde 27 kurejea kikamilifu barabarani.

Waenda kwa miguu nao huvuka wakichati, na baiskeli nyingi hutembea usiku bila taa. Ni makosa, tuyaseme. Lakini siwezi kuyaweka kwenye mizani moja na ya mtu anayesukuma tani moja na nusu ya chuma.

Umakini basi ni nini? Kukodoa macho peke yake hakutoshi. Ni kuwasoma watu kabla hawajafanya walilokusudia. Mpanda baiskeli akigeuza shingo kutazama nyuma, jua anataka kukata kulia, hata kama hajanyoosha mkono. Akikaribia shimo au dimbwi, atachepuka kuingia njia yako, kwa hiyo unampa nafasi ya mita moja na nusu au unabaki nyuma yake hadi apite. Daladala likisimama, tazama chini ya uvungu wake: miguu inayotembea upande wa pili itatokea mbele ya boneti muda si mrefu. Mtoto aliyesimama ukingoni huku akimtazama mwenzake wa ng'ambo hakutazami wewe, na mwenzake akimwita atakimbia. Kwenye makutano, ujongeze mwili wako kidogo mbele na nyuma ili uone kilichojificha nyuma ya nguzo ya kioo, kisha rudia kutazama kulia na kushoto, safari hii ukisimamisha jicho pale unapotazama. Dereva anayefanya haya hana nafasi kichwani ya kuendesha mazungumzo mengine, na ndivyo inavyotakiwa.

Simu yenyewe dawa yake ni kabla ya safari. Ukiwa bado umeegesha pale stendi ya Kange, tuma ujumbe kwamba unaondoka, zima milio, itupe kwenye mkoba uliowekwa nyuma. Ikibidi upokee, toka barabarani kabisa, si kupunguza mwendo tu.

Nasi tusioshika usukani tuna sehemu yetu. Ukimpigia mtu akakujibu "niko barabarani", usimwambie "neno moja tu". Mwambie mtaongea akifika, ukate wewe. Na ukiwa ndani ya gari lenye dereva anayechati, usione haya kusema. Mama mtu mzima akisema kwa upole, "Mwanangu, egesha uzungumze kwanza, sisi tunakungoja," dereva wengi wa hapa huona aibu na kuiweka simu chini. Abiria wengine wakiitikia, huiweka haraka zaidi.