Boti si gari: "hakuwa na sababu ya kunisimamisha" haikusaidii kitu ziwani

Memorial Day (sikukuu ya mwisho wa Mei hapa Marekani) imepita juzi tu na simu zimeshaanza. Mtu anapiga, hata salamu haijaisha anakwambia wakili hii kesi yangu ya kuendesha boti nimelewa ni nyepesi, nilikuwa naendesha boti taratibu kabisa Lake Conroe, sijavunja sheria, familia imetulia, askari kaja kujipachika ubavuni mwa boti yangu bila sababu yoyote, kwa hiyo kesi inatupwa, si ndiyo? Siyo. Haitupwi. Jamani naomba niliandike hili mara moja, wengine mtakaopiga nitawatumia linki.

Mi ni wakili wa utetezi hapa Texas, kesi za DWI (kuendesha gari umelewa) na BWI (kuendesha boti umelewa) ndo zinaniweka mjini. Na hii imani ya "hakuwa na sababu" naelewa ilikotoka, imetoka barabarani. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1979 kwenye kesi ya Delaware dhidi ya Prouse kwamba polisi hawezi kusimamisha gari hovyohovyo ili tu akague leseni, lazima awe na kitu anachokishuku. Sawa kabisa. Ila hiyo ni gari. Kwenye maji ya Texas kuna kifungu 31.124 cha sheria ya mbuga na wanyamapori, kinampa askari ruhusa ya kusimamisha chombo, kupanda na kukagua kama kimefuata sheria za usalama majini. Hahitaji kukushuku chochote. Watu walipinga, wakasema kifungu kinavunja Katiba, kesi ikafika mahakama ya juu ya jinai ya jimbo (Schenekl dhidi ya Jimbo, mwaka 2000) na mahakama ikasema kifungu kiko salama. Kesi yenyewe ilikuwa ya BWI hiyohiyo! Na kwa upande wa serikali kuu, tangu 1983 kwenye kesi ya Villamonte-Marquez maofisa wa forodha waliruhusiwa kupanda vyombo kwenye maji yenye njia ya kutokea baharini bila kushuku lolote. Kwa hiyo ukinipigia usianze na "kwa nini alinisimamisha". Alikusimamisha kwa sababu uko kwenye boti, basi.

Swali langu mimi ni moja tu, alipanda akafanya nini? Kesi iko hapo, na hapo ndo watu hawakumbuki kitu kwa sababu muda wote walikuwa wanawaza kusimamishwa.

Ruhusa ile ni ya usalama. Ahesabu malaifujaketi, aangalie kama mtoto wa chini ya miaka 13 amevaa la kwake, mtungi wa kuzimia moto, taa, usajili. Vizuri. Sasa akitoka kuhesabu malaifujaketi akaanza kukutazama macho na kukuuliza umekunywa ngapi, huo si ukaguzi tena, huo ni upelelezi wa jinai, na lazima awe ameona kitu kilichomfikisha huko. Kaona nini? Ripoti zote zinafanana utadhani zimepigwa fotokopi: macho mekundu, harufu ya pombe, alipepesuka aliposimama. Sasa tuzichukue mojamoja. Kunywa bia ukiendesha boti Texas si kosa, hata kopo liwe wazi mkononi, kosa ni kulewa, yaani akili au mwili haufanyi kazi kama kawaida yako, au kiwango cha pombe kwenye damu kimefika 0.08. Kwa hiyo harufu ya bia inathibitisha kwamba kuna bia. Macho mekundu, mtu kashinda juani tangu asubuhi, upepo, mwanga unaorudi kutoka kwenye maji, nani macho yake yangekuwa meupe? Kupepesuka ndo kunanichekesha kabisa, kwa sababu boti ya askari imegonga ubavu wa boti yake sasa hivi, mawimbi ya wale wa jeti ski yanapita chini, na askari mwenyewe kwenye video kashika reli kwa mikono miwili!

Halafu vipimo. Hapa naomba mnivumilie.

Vile vipimo vya barabarani, kutembea kwenye mstari na kusimama mguu mmoja, havifanyiki majini, hata wao wanajua. Kwa hiyo kuna seti ya kufanya umekaa: macho kufuata kalamu, kidole kwenye pua, kupiga kiganja, na ule wa kupanga mikono hatua kwa hatua. Huu wa kiganja ngoja niueleze maana ndo unawaangusha watu wetu. Kiganja kimoja kinalala kikitazama juu, mkono wa pili unakipiga kwa kiganja, unageuka unakipiga kwa mgongo wa mkono, huku unahesabu kwa sauti moja, mbili, moja, mbili, na unaongeza kasi. Maelekezo yanatolewa kwa Kiingereza cha Texas, haraka, injini inaunguruma, upepo unapuliza, na wewe Kiingereza chako umekipata ukubwani ukitokea Kigoma au Bukavu. Ukianza kabla hajasema anza, kosa. Usipohesabu kwa sauti, kosa. Mara nyingi kwenye video naona mtu anageuza mkono vizuri tu ila kanyamaza, na alama ya ulevi imeshaandikwa. Sasa hiyo ni pombe au ni lugha? Ndo maana nataka video nzima na si ripoti. Kwa sheria ya ushahidi iliyoanza 2014, mwendesha mashtaka anatakiwa kunipa nikiomba, na naomba siku ya kwanza.

Wakikushusha gatini wakakufanyisha vya nchi kavu, angalia saa. Mtu aliyekaa majini mchana kutwa ardhi inamchezea akishuka, kila mvuvi wa Pangani anajua, na mafunzo yao wenyewe yanasema asubiriwe kama dakika 15 azoee. Naangalia muda kwenye kamera ya kifuani: mguu uligusa gati saa ngapi, na "tembea hatua tisa" ilisemwa saa ngapi. Wikendi za sikukuu, boti ziko foleni, hizo dakika zinaliwa.

Niseme ukweli lakini. Vile vya kukaa vimefanyiwa utafiti majini na waliovifanya wanasema vinafanya kazi. Mimi cha macho kwenye boti inayonesa bado sikiamini sana, ila kuna kesi nimeangalia video nikajisemea huyu jamaa kalewa bwana, na kwenye boti kulikuwa na watoto. Nitamtetea kwa sababu ndo kazi na Katiba ni ya wote, ila usiku huo sisherehekei. Kingine ambacho hawakufundishi chuoni ni kwamba juri la Texas (wale raia wanaoamua kesi) linawapenda sana gemu wodeni, yaani askari wa wanyamapori wanaokagua boti. Polisi wa mjini unaweza kumbana watu wakatikisa kichwa, ila huyu bwana nyama ndo aliyemsaidia shemeji yao boti ilipozima katikati ya ziwa, nusu ya juri wanavua samaki, ukimfokea kizimbani umekwisha. Namuuliza kwa adabu, mafunzo yanasemaje, ulifanya vipi, basi. Na Texas kuna kifungu 38.23 cha sheria ya mwenendo wa jinai, kama kuna ubishi wa ukweli kuhusu ushahidi ulivyopatikana, juri inaelekezwa kwamba ikiamini au ikiwa na shaka kuwa umepatikana kinyume cha sheria iutupe. Hicho ndo silaha, si ile ya kusimamishwa.

Kuna mwenendo mwingine wa askari hauhusu ushahidi kabisa. Mei 2014, Lake of the Ozarks kule Missouri, kijana wa miaka 20 alikamatwa kwa kushukiwa BWI, akafungwa pingu mikono nyuma, akavalishwa laifujaketi lisilofaa kwa mtu mwenye pingu, boti ya askari ikaenda kasi, kijana akaangukia majini, jaketi likamtoka, akazama. Askari alikiri kosa dogo mwaka 2017, akapewa siku 10 jela na uangalizi wa miaka miwili. Jimbo lililipa familia dola milioni 9. Kwa hiyo ukikamatwa majini, kabla ya kuwaza kesi, sema kwa utulivu, mara ya pili na ya tatu, afande nifunge laifujaketi sawasawa. Kamera inasikia.

Damu na pumzi nitapita haraka. Kupuliza baada ya kukamatwa hakuhitaji hati ya jaji, damu bila ridhaa yako inahitaji, isipokuwa dharura ya kweli (kesi za Mahakama Kuu ya Marekani, Birchfield 2016 na McNeely 2013). Ila sikukuu majaji wanakuwa macho wanasaini usiku kucha, kwa hiyo "nilikataa" si ushindi. Na ukikataa, kama injini ya boti ni hosipawa 50 au zaidi, leseni yako ya GARI inaweza kufungiwa siku 180, na una siku 15 tu za kuomba usikilizwe. Watu wananipigia siku ya ishirini. BWI ya kwanza ni hadi siku 180 jela, kima cha chini saa 72, faini hadi dola 2,000, na wakikukuta na hatia inahesabika kama kosa la nyuma ukija kukamatwa na gari. Kama huna uraia usikubali dili lolote kabla wakili wa uhamiaji hajalisoma.

Sasa ukipiga, niandalie haya: alipopanda alikagua nini kwanza, au hakukagua kitu alianza na macho? Injini ilikuwa inawaka au mmetia nanga? Nani mwingine alikuwa kwenye boti na anaweza kuongea? Mlishuka saa ngapi, vipimo vikaanza saa ngapi? Ulisema ngapi ulipoulizwa umekunywa ngapi? (Najua, mbili. Wote mnasema mbili.) Na ile karatasi ya kufungiwa leseni waliyokupa ipige picha uitume leo, usisubiri Jumatatu.