Mikindani haikuanzishwa na Wajerumani

Wageni wengi wakiliona Boma, ile ngome ya Wajerumani, pale Mikindani, mji wa pwani karibu na Mtwara, husema Wajerumani ndio walioujenga mji. Si kweli hata kidogo. Boma ni la 1895. Mvumbuzi Livingstone alishushwa kwenye ghuba hii Machi 1866, akaanzia hapa safari yake ya mwisho ya bara, na majahazi yalishazoea kutia nanga humu. Shuka uchochoroni utazame nyumba za kale: plasta ilipobanduka, mawe ya matumbawe yanaonekana yameshikwa kwa chokaa. Huo ni ufundi wa Waswahili, na inaniuma kuona wanasifiwa wengine. Mji mchanga ni Mtwara mjini, uliokua baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipojenga bandari kwa mradi wao wa karanga.