Je, wajua? Utopia haina maana ya "mahali pema"

Kwa miaka mingi kila aliyeniuliza nilimjibu bila kusita: utopia ni Kigiriki, maana yake mahali pema. Siku nilipolifungua kamusi ili kumkata mtu ubishi, nikajikata mimi. Ile "u" ya mwanzo ni *ou*, yaani "si" au "hakuna", na *topos* ni mahali. Utopia ni mahali pasipokuwapo.

Aliyelibuni neno ni Thomas More, mwanasheria wa London, katika kitabu chake Utopia, kinachosimulia nchi ya kubuni, kilichochapwa Leuven (Ubelgiji ya leo) mwishoni mwa 1516, tena kwa Kilatini. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka 1551, miaka 16 baada ya More kukatwa kichwa.

Na hakuteleza kalamu. Kabla ya kuchapwa, katika barua zake kwa rafiki yake Erasmus, kitabu alikiita Nusquama, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya "hakuna popote". Hapo wema hautajwi hata kidogo. Ukiingia ndani unakutana na mto Anydrus, "usio na maji", na mtawala Ademus, "asiye na watu". Msafiri anayesimulia yote hayo ni Raphael Hythlodaeus, jina la ukoo linalokaribia "muuza porojo". Mtu akikusifia nchi ya mto usio na maji, na shahidi wake ni Bwana Porojo, huulizi nauli. (Shaaban Robert naye alicheza mchezo wa jamaa na huo mwaka 1951: nchi iliyo angani akaiita Kusadikika.)

Basi wema uliingilia wapi? Mwanzoni mwa kitabu kuna kishairi kinachodaiwa kuandikwa na Anemolius, mpwa wa Bwana Porojo, ambamo nchi yenyewe inajinadi kuwa inastahili kuitwa Eutopia, kwa *eu* ya "-ema". Wataalamu hawajakubaliana kama mtunzi wake ni More mwenyewe au rafiki yake. Kwa Kigiriki, *ou* na *eu* ni vitu viwili. Mdomoni mwa Mwingereza, Utopia na Eutopia zote hutamkwa "yutopia".

Sisi tunalo neno la namna hiyo. Tuseme mtu amejenga kijiji kilimani akakiita Peponi. Mmoja atasikia pepo ya waja wema. Mwingine atasikia pepo za kaskazi, mahali pa upepo mtupu. Sarufi ingewaamua mara moja, maana pepo *ya* si pepo *za*, lakini kibao cha barabarani kimeandikwa "Peponi" tu, na msafiri aliyechoka hachagui upepo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Utopia. (Na Anemolius, kwa Kigiriki, ni "wa upepo". Sikupanga.)

Nchi yenyewe haisaidii kuamua kama ni mahali pema. Saa za kazi ni sita kwa siku, milango haina kufuli, na dhahabu hutumika kutengenezea vyungu vya kujisaidia usiku. Lakini dhahabu hiyohiyo hufuliwa minyororo ya watumwa, kwani watumwa wapo. Raia akikamatwa mara ya pili nje ya wilaya yake bila kibali, naye anaingia utumwani.

Jambo linalonifurahisha kuliko yote ni neno distopia, yaani nchi ya kubuni iliyo mbaya kupindukia. Lilikwisha kuonekana katika karne ya 18, ila anayetajwa zaidi ni mwanafalsafa John Stuart Mill, aliyelitumia katika bunge la Uingereza mwaka 1868 akiishambulia sera ya serikali kuhusu Ireland. *Dys* ni "-baya", kinyume cha *eu*. Haiwezi kuwa kinyume cha *ou*. Kwa hiyo neno zima, pamoja na rafu nzima ya riwaya zinazoitwa kwa jina hilo, limejengwa juu ya silabi ambayo More hakuiweka kwenye jalada. Kinyume halisi cha Utopia yake kingekuwa mahali popote palipo: Leuven, London, Tanga.