Apime Nini?

Juzi tena. Tumemaliza kuisoma The Normal Heart, mchezo wa kuigiza kuhusu miaka ya mwanzo ya UKIMWI, kwa sauti, watu bado wanafuta macho, mkono ukanyooshwa huko nyuma: "Mwalimu, kwa nini Felix hakwenda kupima mapema?"

Apime nini, jamani? Mchezo unaanza Julai 1981 na kuishia Mei 1984, New York. Kipimo cha damu cha virusi vya UKIMWI kiliidhinishwa Marekani Machi 1985, na Larry Kramer akaupandisha mchezo wake jukwaani, Public Theater, mwezi uliofuata. HIV kama jina ni la 1986. Kwa hiyo wewe unayecheza Daktari Emma, usinichomekee "VVU" kwa vile tu ulimi umezoea. (Na hapana, hauhusu ACT UP, lile kundi la wanaharakati wa UKIMWI. Hiyo ilianzishwa 1987.)

Naelewa linakotoka. Sisi tumelelewa na maigizo ya uhamasishaji: yupo mjinga, yupo nesi mwenye majibu, mwisho mjinga anajuta. Humu nesi huyo hayupo. Emma ana mafaili ya wagonjwa wanaokufa, na kutokana nayo anahisi kwamba ugonjwa unapitia kwenye ngono. Anahisi tu. Ned, mpenzi wa Felix, anaubeba ujumbe kwa mashoga wenzake: acheni ngono. Bruce, rais wa chama chao, na wenzake wanagoma. Wanaume hawa wamehangaika miaka kuondoa kauli kwamba mapenzi yao ni ugonjwa, leo uwaambie waache kwa jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha?

Ndiyo maana sikubali Bruce achezwe kama mwoga. Kazini kwake anajificha, sawa, lakini hoja anayo. Mkimfanya mwoga, mchezo mzima unageuka hadithi ya Ned aliyejua na wajinga waliomzunguka. Ned hakujua. Aliogopa kuliko wenzake. Sisi tunaoijua sayansi iliyokuja baadaye ndio tunaomvika unabii.

Hapa nami nina wasiwasi wangu. Kramer alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa GMHC, shirika la mashoga wa New York la kupambana na ugonjwa huu, wakagombana, akatoka 1983. Humo mchezoni Ned, ambaye ni Kramer kwa jina jingine, anasomewa barua ya kutimuliwa chamani. Je, mwandishi alikuwa analipiza? Kuna hotuba za Ned nazisikiliza nikitamani kumnyang'anya karatasi. Halafu inakuja nyingine, nanyamaza. Miaka yote hii sijaamua.

Turudi kwa Felix. Anamwonyesha Ned doa la zambarau kwenye unyayo, linalozidi kukua. Kijana aliyesoma nafasi hiyo juzi alivua soksi chapuchapu, kama mtu anayewahi kutawadha. Nikamrudisha. Felix anajua madoa hayo ni dalili ya ugonjwa, na anajua wenye nayo wanazikwa. Akavua tena, taratibu, soksi ikamkwama kisiginoni. Nikamgeukia yule wa mkono wa nyuma: hapo ndipo anapima.