Kununua Kampuni Si Kuungana Nayo

Barazani kwetu Mkunazini, na hata katika taarifa za habari, kampuni ya nchi inayoendelea ikinunua kampuni ya nje husemwa kwamba kampuni hizo "zimeungana". Kununua kampuni ni kutwaa hisa za kutosha kuiamuru. Kuungana ni jambo jengine: kampuni mbili huwa moja, bila ya moja kuimiliki nyengine.

"Ungana" limetokana na "unga", likatiwa kiambishi -an- cha kutendana, ambacho kinadai pande mbili zitendeane. Mshona mkeka wa Pemba huunga ukili kwa ukili, ukingo kwa ukingo, na mkeka ukishakamilika hakuna ukili ulio mali ya mwenzake. Lakini hatusemi kwamba kampuni mbili "zimenunuana", kwa sababu yuko aliyenunua na ipo iliyonunuliwa.

Kosa hili linaniudhi kwa kuwa linaficha nani alikuwa na haja na nini. Wengi hudhani kwamba kampuni ya China au India hununua nje kwa sababu fedha zimeifurika, ilhali mara nyingi inafuata kile ilichokikosa. Lenovo, kampuni ya kompyuta ya China, ilikuwa na soko kubwa nyumbani, lakini nje jina lake lilikuwa halijulikani sana. Mwaka 2005 ikanunua kitengo cha kompyuta binafsi cha IBM ya Marekani kwa dola bilioni 1.75, madeni yakiwemo, ikapata kompyuta za mkononi za ThinkPad, wahandisi wake, na ruhusa ya kulitumia jina la IBM kwa miaka 5. Tata Motors, kampuni ya magari ya India, nayo ilipozinunua kampuni za magari za Jaguar na Land Rover kutoka kwa Ford mwaka 2008 kwa dola bilioni 2.3, ilipata usanifu na hadhi ambavyo kiwanda kipya kingehitaji miongo kuvijenga.

Wengine hufuata wateja. Mwaka 2010 Bharti Airtel, kampuni ya simu ya India pia, ilinunua biashara ya simu za mkononi ya Zain katika nchi 15 za Afrika, Tanzania ikiwemo, na maduka ya vocha ya hapa mjini yakapakwa rangi nyekundu. Tuliambiwa kwamba Zain "imeungana" na Airtel, na jina la Zain halikuonekana tena mlangoni.

Ndugu zangu watangazaji, hisa zikihamia mkono mmoja, semeni "imenunuliwa", ili msikilizaji apate kuuliza imenunuliwa kwa haja gani.