Kijana akitiwa hatiani kwa shambulio, hakimu anapimaje adhabu?

Kijana wa miaka 19 amempiga jirani yake chupa katika ugomvi wa kilabuni. PF3, fomu ya polisi inayojazwa hospitali, inaonyesha jeraha la kichwani, na mwenyewe amekiri. Mahakama ikimpa huduma kwa jamii, yaani kazi za umma bila malipo badala ya jela, mtaani wanasema hakimu amekula rushwa. Rushwa ikiwapo iripotiwe, lakini adhabu ya aina hiyo peke yake haiithibitishi.

Kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kinaweka kifungo cha miaka 5 kwa shambulio la kudhuru mwili. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa. Chini yake hakimu anaweza kutoa kifungo kifupi, faini, kumweka chini ya afisa uangalizi anayemfuatilia nje ya gereza, kumwachia mkosaji kwa masharti kwa muda usiozidi miezi 12, au huduma kwa jamii ikiwa kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3. Kwenye unyang'anyi wa kutumia silaha hana nafasi hiyo: ni miaka 30 au zaidi. Na mshtakiwa akiwa chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza asifungwe gerezani.

Hakimu hapimi kwa huruma tu. Anatazama ukubwa wa jeraha, silaha iliyotumika, nani alianza uchokozi, kumbukumbu za makosa ya nyuma, na muda ambao kijana amekaa mahabusu. Akipotoka katika kanuni hizo, adhabu ikawa kubwa au ndogo kupita kiasi, mahakama ya juu inaweza kuibadilisha.

Hatua inayoniumiza ni ile inayofuata baada ya kutiwa hatiani. Mshtakiwa anaulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu, naye anajibu, "Naomba nipunguziwe," kisha anakaa kimya. Hakimu hawezi kupima asichoambiwa. Sema umri wako, shule au kazi unayofanya, nani anakutegemea, na kama umemwomba radhi uliyemuumiza na kulipia matibabu yake. Ndugu waje na barua ya fundi anayemfunza mshtakiwa au ya mwajiri wake. Wanaweza pia kuomba afisa uangalizi aandae taarifa ya uchunguzi wa kijamii, maana yeye hufika hadi nyumbani na kuzungumza na majirani.

Aliyeumizwa naye atunze risiti za hospitali. Mahakama inaweza kuamuru alipwe fidia, hata kama kijana hakupelekwa gerezani.